Trauti Huvuliwa kwa Miguu

Kila nikiweka picha ya trauti, yule samaki wa mito ya baridi, kwenye statasi, maswali huwa yale yale: rodi (fimbo ya kuvulia) gani hiyo, uliinunua pesa ngapi, Kisumu inauzwa duka gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilivaa nini miguuni. Na hilo ndilo swali ningelijibu kwa raha zote, maana trauti wa mtoni huanza kuvuliwa kwa miguu. Mkono huja baadaye, na pesa huja mwisho kabisa. Mimi huvaa gambuti nyeusi za kawaida, zile za kuendea shambani, ila soli nimezichanja mistari kwa msumeno wa chuma zisiteleze kwenye mawe. Basi.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni fundi wa umeme, mtoto wa Kisumu, na upande wa baba yangu wote wamekula jasho la ziwa. Dunga, ufuo wetu wa wavuvi, niliijua kabla sijaijua shule. Kwetu samaki ni kazi. Unaamka usiku, unavuta wavu, taa za wavuvi wa omena zinawaka mbali majini, na kukipambazuka akina mama wameshajipanga ufuoni na makarai yao. Mtu kulipa pesa ili avue samaki mmoja, kisha amrudishe majini, ni jambo ambalo wajomba zangu wangeliitia mkutano wa familia. Mimi mwenyewe nilicheka nilipolisikia.

Kazi ndiyo iliyonipeleka Kericho, kufunga nyaya kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai. Jirani yangu pale nilipopanga chumba alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kiwandani. Wikendi ungemwona anarudi na kijirodi chembamba na samaki wawili watatu waliofungwa kwenye majani mabichi. Siku moja nikamsalimu, "Chamgei, mzee," nikamuuliza wametoka wapi. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Fundi, si nyinyi watu wa ziwa ndio mnajua samaki?"

"Tunawajua, mzee."

"Basi Jumamosi njoo nikuonyeshe samaki ambaye hakujui wewe."

Hiyo Jumamosi alinikataza kushika rodi. Alibeba yake, lakini hata hakuifungua. Tulitembea ukingoni mwa Kiptiget asubuhi nzima, yeye mbele na mimi nyuma, na kila nilipokanyaga kijiti kikalia alisimama akanyamaza mpaka nikaona haya. Kazi yangu ilikuwa moja: nimwone samaki kabla samaki hajaniona. Niliona maji. Niliona mawe. Niliona vivuli vikikimbia kwenda juu ya mto, na kila kivuli kilichokimbia, mzee alitikisa kichwa na kusema, "Huyo ameshaenda kuambia wenzake."

Hapa lazima nieleze samaki mwenyewe, maana mtu aliyezoea ngege na mbuta (sangara) wa ziwani anaweza kudhani samaki ni samaki. Trauti mtoni hukaa akiwa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Hana budi, kwa sababu chakula chake huletwa na mkondo, na ni rahisi kupumua maji yakimjia usoni. Kwa hiyo nyuma yake, upande wa mkia, kuna eneo ambalo haoni. Ukitembea kufuata maji kwenda chini unamjia usoni, atakuona ukiwa mbali. Ukitembea kupanda, ukitokea chini, unamjia mgongoni. Ndiyo maana wavuvi wengi wa mito midogo huanzia chini na kupanda polepole. Kuna na faida nyingine: matope unayoyatibua yanashuka nyuma yako, hayamfikii.

Jambo la pili ni kimo chako. Mwanga hupinda unapoingia majini, kwa hiyo samaki akiangalia juu huiona dunia ya nje kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake. Nje ya duara hilo, uso wa maji kwake ni kioo kinachomwonyesha chini ya mto. Mtu aliyesimama wima ukingoni anaingia ndani ya duara. Mtu aliyeinama au kupiga goti anabanwa pembeni kabisa ya duara, mahali ambapo kila kitu ni finyu na hafifu, na mara nyingi haonekani. Mimi ni mrefu na nina kitambi cha wastani, na ninakuhakikishia hakuna zoezi la gimu linaloshinda asubuhi moja ya kutembea nusu umechuchumaa kati ya miti na majani chai.

La tatu ni mtikisiko. Ubavuni mwa samaki kuna mstari wa hisia unaopokea mitetemo ya maji. Ukiruka kutoka jiwe hadi jiwe na gambuti zako, ukingo unatetemeka na maji yanapeleka habari. Sauti ya mdomo haimsumbui sana, ongea utakavyo. Mguu ndio unaokusaliti. Sisi wa ziwani tumezoea kinyume: wapo wavuvi wanaopiga maji kwa makusudi ili samaki wakimbilie wavuni. Mazoea hayo nilihitaji kuyaacha nyumbani.

Kabla sijasahau: kwa nini Kericho na si Kisumu? Uso wa Ziwa Victoria uko kwenye mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni vuguvugu mwaka mzima, huzunguka nyuzi 25 za selsiasi. Trauti hustarehe kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 18 hivi. Yakipita 20 anaanza kutaabika, kwa kuwa maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki huyu anaihitaji kwa wingi. Kwa hiyo lazima upande: Ahero, Awasi, Kapsoit, mpaka masikio yazibe na uanze kutafuta sweta. Kericho iko karibu na mita 2,000, na mito inayopita pale inatoka juu zaidi, kwenye msitu wa Mau. Msitu ndio unaoweka kivuli na kuchuja matope. Mahali ambapo miti imekatwa hadi ukingoni, hata mgeni ataona tofauti: maji ni ya kahawia na mawe yamefunikwa na tope laini. Mahali kama hapo mzee hupita bila hata kusimama.

Na samaki huyu si mwenyeji. Alikuja na walowezi waliotaka mito ya nyanda za juu ifanane na ya kwao. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesifika kwa safari ya miguu ya Cape hadi Cairo, aligharamia kuletwa kwa trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na wakatiwa mto Gura kule Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua akafuata kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Baadaye walisambazwa kwenye mito ya Mlima Kenya, Elgon, Cherangani na huku kwetu Mau. Grogan huyu ndiye yule yule aliyewachapa viboko Wakikuyu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, kwa hiyo nikikuta anasifiwa kwamba alituletea mchezo mzuri wa uvuvi, huwa namalizia sentensi mwenyewe. Tena, mtu wa Kisumu hawezi kulizungumzia suala la samaki wa kuletwa bila kumtaja mbuta. Naye aliletwa ziwani miaka ya 1950, na fulu wetu wengi, visamaki vya asili vya ziwa, aliowakuta hawakupona. Sisemi trauti amefanya unyama wa kiasi hicho, lakini naye alikuta wadudu na visamaki vilivyokuwa na maisha yao. Navua nikijua hivyo, na nikimchukua mmoja wa kula sijisikii vibaya hata kidogo.

Turudi mtoni. Somo la kusoma maji ndilo lililonikaa zaidi, na ndilo ninalomwambia kila anayeanza alipe uzito kuliko rodi. Mto mdogo unaonekana kama maji tu yanayokimbia, lakini ukikaa kitako dakika kumi na kuangalia, utaona yana njia. Kuna mkondo mkuu wa kasi, na pembeni yake kuna maji yanayojivuta. Pale yanapopakana, mara nyingi utaona mstari wa povu. Trauti anapenda mpaka huo. Ni kama abiria kwenye stendi ya Kapsoit: hakai katikati ya barabara, wala haendi mbali na barabara, anasimama pembeni penye utulivu, na gari lake likipita anaingia mara moja. Mstari wa povu unabeba wadudu vile vile unavyobeba povu. Fuata povu.

Sehemu nyingine ni mbele na nyuma ya jiwe kubwa. Watu wote hulenga nyuma, na hawakosei, lakini hata mbele ya jiwe maji hujirudi kidogo na kutengeneza kitu kama mto wa kulazia kichwa. Chini ya ukingo uliobomolewa na maji, ambapo mizizi inaning'inia, ndipo wakubwa wanapojificha mchana. Na sehemu ya juu ya kidimbwi, pale maji ya kokoto yanapoingilia kwenye kina, kuna oksijeni na chakula kwa pamoja. Katikati ya kidimbwi, panapovutia macho kwa utulivu wake, mara nyingi hamna kitu. Mimi wa ziwani nilikuwa navutwa na kina kila mara. Nilidhani penye kina ndipo penye samaki.

Siku hiyo ya kutembea bila rodi, mzee aliniambia niingize mkono majini nigeuze jiwe. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa. Chini ya jiwe kulikuwa na wadudu bapa wa rangi ya chai, wenye mikia mitatu myembamba, wakikimbia pembeni kama wanaokwepa deni. Na kulikuwa na vijumba vidogo, urefu wa nusu ya njiti ya kiberiti, vilivyojengwa kwa chembe za mchanga zilizogandishwa moja moja. Mzee alikiminya kimoja taratibu kwa kucha, na buu mweupe mwenye kichwa cheusi akachungulia. "Hii ndiyo ugali yake," akasema. "Wale wa kuruka ni mboga tu." Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya chakula cha trauti huliwa chini ya maji, si juu. Picha za samaki akiruka kumnyaka nzi zinapendeza, lakini ukitaka kuanza kwa kupata, weka kitu kinachozama na kufanana na mdudu wa chini ya jiwe.

Kitu hicho ni ndoano ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya mpaka ikafanana na mdudu. Tunaiita inzi, hata ikiwa ni ya kuzama. Kwenye mito ya trauti hapa nchini huvuliwa kwa inzi wa bandia, si kwa nyungunyungu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Kenya ni mojawapo ya nchi zinazofunga inzi hawa kwa mikono na kuwauza Ulaya na Marekani. Yupo mtu huko akivua mto wa kwao kwa inzi aliyefungwa na mama Mkenya, hali sisi tunadhani ni kitu cha wazungu. Wapo pia wenye jina la kwetu: yule mweusi aitwaye Kenya Bug anajulikana na wavuvi kwa miaka mingi, na kwenye maji yenye rangi kidogo sijaona wa kumshinda. Anayeanza anahitaji aina tatu tu: mweusi wa kuzama, wa kahawia mwenye kichwa cha shaba ili azame haraka, na mmoja wa kuelea mwenye manyoya mengi unayeweza kumwona kwa macho. Ukipewa sanduku lenye inzi hamsini, utashinda mtoni ukibadilisha badala ya kuvua.

Sasa rodi, kwa kuwa najua mlikuwa mnaisubiri. Iwe fupi, futi 7 hadi 8, ya mshipi wa kuvulia wenye uzito wa namba 4 au 3, maana miti imekuzunguka kila upande. Yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihamia Nairobi na hakutaka kubeba mizigo. Mshipi uwe wa kuelea. Mwisho wa mshipi unaungwa uzi mwembamba usioonekana, urefu wa futi 7 hadi 9, na nchani uwe mwembamba zaidi, ule wanaouita 5X, ambao unene wake ni kama milimita 0.15. Gurudumu la kukunjia si la kukuhangaisha. Kwa samaki wa mto mdogo kazi yake ni kutunza mshipi tu. Ongeza koleo ndogo, na kazi yake ya kwanza ifanyike nyumbani: bana kile kijino cha ndoano kilale. Samaki atatoka bila kuchanika, na siku ndoano itakapoingia kwenye sikio lako utanikumbuka.

Ziwani tunarusha chubwi, na uzi unafuata chubwi. Huku ni kinyume. Inzi hana uzito wowote, kwa hiyo unachorusha ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito, na inzi anabururwa nyuma. Ndiyo maana mkono wenye nguvu haukusaidii. Unainua rodi kwa mwendo unaoongezeka kasi, unaisimamisha ghafla ikikaribia kichwa, unasubiri mshipi unyooke nyuma yako, kisha unasukuma mbele na kusimamisha tena. Kusimamisha ndiko kunakorusha. Watu wengi, hasa vijana wenye misuli, hawasubiri. Fanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ukiwa umefunga kipande cha uzi wa sufi badala ya ndoano. Watoto watakusanyika kukushangaa, uwazoee.

Lakini mtoni penyewe, kati ya miti na vichaka, nafasi ya kutupa nyuma haipo. Mzee hurusha kwa kuviringisha: mshipi unabaki majini mbele yake, anaurudisha polepole mpaka ufanye tumbo kando ya bega, kisha anapiga mbele mara moja na mshipi unajiviringisha juu ya maji kama gurudumu. Inzi hafiki mbali. Na hana haja ya kufika mbali, maana kama miguu imefanya kazi yake, samaki yuko hatua tano sita mbele yako. Nimewaona wageni waliokuja na rodi za bei kali, wanarusha mshipi mrefu wa kupendeza unaopita juu ya samaki wote waliokuwa karibu ili kumfikia mmoja aliye mbali.

Inzi akishatua, kazi ngumu ndiyo inaanza, na hapa ndipo nitakapotumia maneno mengi kwa sababu sikupata mtu wa kunieleza vizuri mwanzoni. Mdudu wa kweli anaelea kwa kasi ile ile ya maji yaliyombeba, si zaidi, si pungufu. Wako amefungwa kwenye uzi, uzi uko kwenye mshipi, na mshipi umelala juu ya mikondo mitatu yenye kasi tofauti. Mkondo wa kasi ulio kati yako na samaki utauvuta mshipi, mshipi utavuta uzi, na inzi ataanza kukimbia akiacha alama ya mkia juu ya maji. Kwa trauti mdudu wa hivyo hayupo duniani. Dawa ni mbili. Ya kwanza, inua ncha ya rodi juu ili mshipi mwingi usiguse maji kabisa. Kwenye mto mdogo unaweza kubakiza uzi peke yake majini. Ya pili, mara tu inzi anapotua, rusha tumbo la mshipi kwa kifundo cha mkono kuelekea juu ya mto, ili mkondo upate la kula kabla haujaufikia uzi. Utapata sekunde mbili tatu za inzi kuelea huru. Hizo zinatosha, kama amepita mahali panapostahili.

Kwa inzi wa kuzama hutaona akiliwa. Tazama pale mshipi unapokutana na uzi. Ukisita, ukienda pembeni, ukizama bila sababu, inua rodi. Mara tano kati ya sita itakuwa jiwe. Inua tu. Usivute kama unayeng'oa muhogo, ule uzi ni mwembamba. Kuinua mkono kunatosha.

Trauti wa mito yetu midogo si wakubwa. Wengi ni wa urefu wa kiganja na vidole vyake, au zaidi kidogo, na akifika sentimita 30 mnapiga picha. Ila nguvu wanazo. Yule wa upinde wa mvua utamjua kwa mstari wa waridi ubavuni na madoa madogo meusi yaliyotapakaa hadi mkiani. Wa kahawia ana madoa makubwa, mengine mekundu yaliyozungushiwa weupe, na mkia wake kwa kawaida hauna madoa. Ukitaka kumrudisha, lowesha mikono kwanza, kwa sababu mwili wake una ute unaomkinga na maradhi na mkono mkavu unaubandua. Mshike ndani ya maji, kichwa kikielekea kule maji yanakotoka, mpaka aondoke mwenyewe.

Mambo ya sheria nitayapitia haraka. Kuvua trauti kunahitaji leseni, na ofisi ya uvuvi ya kaunti ndiyo pa kuanzia; uliza hapo hapo kuhusu ukubwa na idadi ya samaki unaoruhusiwa kuchukua. Leseni haikupi ruhusa ya kukanyaga shamba la mtu. Sehemu kubwa ya mito ya Kericho inapita kwenye mashamba ya chai yenye mageti na askari, kwa hiyo omba ruhusa getini, kwa adabu, na usiende na kundi. Askari mmoja aliwahi kunishikilia getini karibu saa nzima kwa sababu hakuamini kwamba mtu wa jina kama langu amekuja Kericho kutafuta samaki. "Umetoka Kisumu kuja kuvua huku?" Alirudia hilo swali kwa kila mwenzake aliyepita.

Nenda asubuhi. Kericho mvua ya alasiri ni kama ratiba ya serikali, na mvua ikinyesha juu Mau, mto unaweza kujaa pale ulipo huku jua likiwaka. Ukiona maji yanaanza kubadilika rangi na majani mengi yanaelea, toka, usingoje kumalizia kidimbwi. Mwezi wa nne na wa tano maji huwa ya kahawia siku nyingi. Desemba hadi Februari ndio wakati wa maji meupe, japo samaki nao huwa waoga zaidi kwa kuwa wanakuona vizuri. Suruali uiingize ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Na usimame mbali na thafai, ile mimea ya kuwasha inayopenda kuota pale pale unapotaka kupiga goti.

Walio Nakuru wana mto Malewa upande wa Gilgil na Naivasha, wasijisumbue kuja Kericho. Walio Kitale na Bungoma wana mito ya Elgon, Suam ukiwa mmojawapo, lakini huko juu kuna nyati na ndovu, kwa hiyo usiende bila askari wa wanyama. Na anayetaka kumwona trauti kwa karibu kabla ya kununua chochote, kuna kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vyake Kiganjo, Nyeri, ambacho kipo tangu enzi za ukoloni.

Trauti wa kwanza niliyempeleka nyumbani nilimfikishia shangazi Dunga, nikiwa nimemfunga kwenye majani ya migomba ndani ya ndoo ya barafu. Shangazi amepara samaki tangu ujana wake. Akamshika, akapitisha kisu kutoka mkiani kwenda kichwani kama kawaida yake, kisu kikateleza, hakikutoka kitu. Akamgeuza upande wa pili.

"Baba, samaki gani huyu hana magamba?"

"Anayo shangazi, ila ni madogo sana. Huyu haparwi."

Hakuniamini. Alimsogeza kwenye mwanga wa mlango, akakwangua kwa kucha mpaka akayaona. Mimi nilikuwa na maagizo ya mzee: chumvi, siagi kidogo, sufuria ya moto, dakika chache kila upande, mwisho. Shangazi alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akakata nyanya, vitunguu na dania, akamkaanga kwanza na kumtia kwenye mchuzi kama ngege yeyote. Tulimla na ugali. Kichwa alichukua yeye, akakinyonya bila kusema neno, na mifupa akaipanga ukingoni mwa sahani.

"Ni mtamu," akasema. "Nauli ya kwenda na kurudi ni ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi ukienda tena leta wanne. Huyu ni wa mtu mmoja."